Wape mwaka mmoja bila jezi

Ripoti ya Oktoba 2014 kuhusu Chuo Kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nakwama pale inapotajwa lugha yangu. Kenneth Wainstein, mwanasheria aliyepewa kazi ya uchunguzi, alieleza kwamba kwa miaka 18, kuanzia 1993 hadi 2011, idara ya taaluma za Afrika na Waamerika Weusi iliandikisha wanafunzi kwenye kozi zisizokuwa na vipindi wala mwalimu. Mwanafunzi aliandika karatasi moja mwisho wa muhula, akapata A au B, akaendelea na mambo yake. Wanafunzi zaidi ya 3,100 walipita humo. Wanamichezo walikuwa kama asilimia 4 tu ya wanafunzi wa chuo kizima, lakini karibu nusu ya walioandikishwa kwenye kozi hizo ni wao. Aliyezianzisha na kusahihisha karatasi nyingi hakuwa mhadhiri. Alikuwa Deborah Crowder, mtumishi wa ofisi ya idara. Mkuu wake, Profesa Julius Nyang'oro, ni mzaliwa wa Tanzania. Na kwenye orodha ya kozi hizo kimo Kiswahili hatua ya tatu: badala ya kukaa darasani na kufanya mtihani wa lugha, baadhi ya wanafunzi waliandika karatasi kwa Kiingereza kuhusu utamaduni wa Waswahili, na sharti la lugha ya kigeni likahesabiwa limetimizwa.

Mimi nafundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha jimbo huku kusini mwa Marekani, na karibu kila muhula darasani kwangu wamo wachezaji wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mabega ya plastiki. Wanakuja kwa sababu digrii inadai lugha ya kigeni, na Kispania kiliwatoa jasho tangu sekondari. Wengine wameambiwa na rafiki kwamba mwalimu ni mpole. Vyovyote iwavyo, wakishaingia ni wanafunzi wangu. Ndiyo maana ule uovu wa Chapel Hill nauona kama umetendwa sebuleni kwangu. Wapo vijana waliorudi makwao na cheti kinachosema wamefuzu Kiswahili hatua ya tatu, na hawakuwahi kukaa hata kipindi kimoja cha hatua hiyo.

Watu wengi wakisikia habari za namna hii huzimaliza kwa sentensi moja: vijana wale wasingepokelewa chuoni tangu mwanzo. Nimeisikia kauli hiyo kwenye vikao vya walimu, nimeisikia kwenye foleni ya kahawa, nimeisikia hata kwa Watanzania wenzangu ambao watoto wao walihangaikia nafasi wakaikosa. Hasira yao naielewa. Ila kazi hii imenifikisha kwenye msimamo mwingine kabisa. Kiwango cha kuingilia kisipandishwe zaidi ya hapa kilipo. Kinachotakiwa ni kumrudishia kijana mwaka wake wa kwanza, asome tu, asicheze. Mwaka huo walikuwa nao zamani. Walinyang'anywa mwaka 1972.

Kabla sijafika huko, tuelewane kuhusu hivyo viwango, maana vipo viwili na watu huvichanganya.

Cha kwanza ni cha NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, chenye mizizi tangu 1906. Ili acheze katika chuo cha daraja la kwanza, kijana anatakiwa amalize sekondari akiwa na kozi 16 za msingi: Kiingereza miaka minne, hisabati miaka mitatu kuanzia aljebra, sayansi miaka miwili, masomo ya jamii miaka miwili, na nyingine za kujazia. Wastani wake katika kozi hizo usipungue 2.3 kwa kipimo cha 4. Tangu 2016 kuna sharti jingine ambalo wazazi wengi hulijua wakati umeshapita: kozi 10 kati ya hizo 16 ziwe zimekamilika kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari, na saba kati ya hizo 10 ziwe za Kiingereza, hisabati au sayansi. Mwaka wa mwisho ukishaanza, alama za kozi hizo zimefungwa, huwezi kuzirudia ili uzipandishe. Ama mtihani wa SAT au ACT, ile mitihani ya kitaifa ya kuombea chuo, uliogombaniwa kwa karibu miaka 40, NCAA iliufuta kabisa kwenye masharti yake Januari 2023.

Kiwango cha pili ni cha chuo chenyewe, na huko ndiko kwenye mambo ya chinichini. Kocha hupeleka majina ofisi ya udahili. Anayetimiza vigezo vya kawaida hana wasiwasi. Asiyetimiza hupitishwa njia ya pembeni inayoitwa udahili maalumu, na kamati ndogo huamua kama chuo kimbebe au kimwache. Mfumo wa vyuo vikuu vya umma vya California uliweka kikomo cha asilimia 6 ya wanafunzi wapya kwa njia hiyo, wanamichezo wakiwemo. Stanford ina utaratibu wake: kijana anaandika insha na kujaza fomu kama mwombaji mwingine yeyote, na kocha hawezi kumsainisha mpaka ofisi ya udahili ikubali. Vile vyuo vinane vya Ivy League, Harvard na Yale vikiwemo, havitoi skolashipu za michezo kabisa. Tangu miaka ya 1980 vinatumia fahirisi ya kitaaluma, yaani namba moja inayojumlisha alama za sekondari na za mitihani, na wachezaji wa futiboli hupangwa kwa mafungu ili wastani wa timu usiachane mno na wa wanafunzi wengine.

Kwa hiyo kijana anaweza kuwa halali mbele ya NCAA na bado akakataliwa na chuo, na anaweza kuwa halali kwa NCAA, akapokelewa na chuo, na bado asiweze kuandika aya mbili zinazofuatana. Hilo la mwisho ndilo ninalokutana nalo mimi.

Sasa historia. Mwaka 1965 NCAA ilipitisha kanuni iliyojulikana kwa namba yake, 1.600: alama za sekondari na za mtihani zikionyesha kwamba kijana atapata angalau wastani huo katika mwaka wa kwanza chuoni, basi apewe skolashipu. Kilikuwa kiwango cha chini, lakini angalau kilitazama kama kijana ataweza kusoma. Wakati huo pia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kucheza katika timu kubwa ya futiboli wala ya mpira wa kikapu. Kulikuwa na timu za mwaka wa kwanza zenye mechi chache, na mvulana alikuwa na nafasi ya kujua maktaba iko wapi.

Halafu yakatokea mambo matatu, moja juu ya jingine. Mwaka 1972 wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakaruhusiwa kuchezea timu kubwa. Mwaka 1973 kanuni ya 1.600 ikafutwa, ikabaki kwamba kijana awe tu na wastani wa 2.0 sekondari, katika masomo yoyote, upishi na karakana sawa na fizikia. Na mwaka huohuo skolashipu iliyokuwa ikitolewa kwa miaka minne ikageuzwa ya mwaka mmoja mmoja, inayorefushwa kocha akipenda. Ukiyaweka pamoja utaona picha nzima: anaingia bila maandalizi, anaanza kucheza kabla hajaanza kusoma, na akilegea uwanjani hana uhakika wa kubaki chuoni. Kila uamuzi ulikuwa na sababu zake za matumizi na za ushindani, na sijui kama kuna aliyekaa akauliza vitatu hivyo vikikutana vitamfanya nini kijana wa miaka 18. Viwango vyote tunavyobishania leo ni viraka juu ya miaka hiyo miwili.

Matokeo hayakuchelewa. Chuo Kikuu cha Georgia kiliwahamisha wachezaji tisa wa futiboli kutoka masomo ya maandalizi ambayo hawakuyafaulu, mwishoni mwa 1981, ili wawe halali kwa Sugar Bowl, mechi kubwa ya mwisho wa msimu, dhidi ya Pittsburgh. Mwalimu wao wa Kiingereza, Jan Kemp, alilalamika. Alishushwa cheo, kisha akafukuzwa. Akaenda mahakamani, na mwaka 1986 baraza la wazee wa mahakama likampa ushindi na fidia ya zaidi ya dola milioni 2.5, ambayo baadaye ilipunguzwa. Ninachokikumbuka zaidi katika kesi ile ni maneno ya wakili wa chuo. Alisema kwamba pengine hawatamfanya mchezaji wa namna hiyo awe msomi wa chuo kikuu, lakini wakimfundisha kusoma na kuandika, basi akimaliza michezo ataweza kufanya kazi posta badala ya kuzoa taka. Aliyasema kama utetezi, mbele ya watu, akiamini anakitakasa chuo.

Miaka mitatu baadaye, 1989, Dexter Manley, beki mkubwa wa timu ya Washington katika ligi ya kulipwa, aliketi mbele ya kamati ya Seneti akaeleza huku akitokwa na machozi kwamba alikaa miaka minne Oklahoma State bila kujua kusoma. Mtu mzima, mshindi wa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Alikuwa ameanza kujifunza akiwa tayari ni maarufu, katika shule moja ya Washington inayosaidia wenye matatizo ya kusoma. Chuoni alipita hivyohivyo, kwa sababu uwanjani hakuwa na tatizo lolote.

Kati ya matukio hayo mawili ilianza kazi kanuni iitwayo Proposition 48. Ilipitishwa Januari 1983 ikaanza Agosti 1986: wastani wa 2.0 katika kozi 11 za msingi, pamoja na alama 700 za SAT au 15 za ACT. Aliyetimiza nusu tu aliweza kupewa skolashipu, ila mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kucheza wala kufanya mazoezi na timu, na mwaka huo ukakatwa kwenye miaka yake minne ya kucheza. Wakuu wa vyuo vya Weusi walipinga vikali, wakisema mtihani ule unapima pato la familia na rangi kabla haujapima akili. Harry Edwards, mwanasosholojia Mweusi aliyetetea wanamichezo tangu miaka ya 1960, aliiunga mkono, akiamini kwamba ukimdai mtoto Mweusi asome atasoma. Mpaka leo nikizisoma hoja za pande zote mbili nashindwa kusema nani alikuwa adui wa nani. Wote walikuwa wanawapigania watoto walewale.

Januari 1989 wakaongeza Proposition 42, iliyowanyima skolashipu hata wale wa nusu. Tarehe 14 ya mwezi huo John Thompson, kocha wa mpira wa kikapu wa Georgetown, alitoka uwanjani kabla mechi dhidi ya Boston College haijaanza, akawaacha wasaidizi wake waendelee, ili nchi nzima ijue kwamba anapinga. Arthur Ashe, bingwa wa tenisi aliyekuwa Mweusi kama yeye, aliandika kuitetea kanuni hiyohiyo. Mwaka uliofuata ikalegezwa. Baadaye ikaja Proposition 16 yenye kozi 13 na mizani ya kupandisha na kushusha: alama za darasani zikiwa juu, za mtihani zinaweza kuwa chini kidogo. Wanariadha wawili Weusi wa Philadelphia wakaishtaki NCAA. Machi 1999 jaji aliamua kwamba kanuni hiyo inawaumiza Weusi isivyo halali. Desemba ya mwaka huo mahakama ya rufani ikageuza uamuzi. Mwaka 2003 mizani ikafunguliwa zaidi, 2008 kozi zikawa 16, na mengine nimeshayaeleza.

Katika mlolongo huo wote jicho langu linabaki kwa wale wa nusu, waliokaa nje mwaka wa kwanza chini ya Proposition 48. Mmoja wao ni Tony Rice wa Notre Dame. Alikaa nje msimu wa 1986. Mwaka 1988 ndiye aliyekuwa akiiongoza timu hiyo kama mrushaji mkuu ilipochukua ubingwa wa taifa bila kupoteza mechi. Kanuni ilimwekea alama ya aibu, maana waliokaa nje walijulikana ni wa kundi gani na walitukanwa kwa jina la kanuni hiyo viwanja vya ugenini. Lakini ilimpa pia kitu ambacho wenzake hawakukipata: miezi mingi ya kuwa mwanafunzi tu. Walikiita adhabu. Kwangu mimi hicho ndicho kingekuwa haki ya kila mmoja.

Nieleze ninachokiona kwa karibu, msomaji aone kwa nini nasema hivyo.

Kuna kijana mmoja wa safu ya ulinzi, mrefu, mpole, aliyekuwa akija kipindi cha saa tatu asubuhi akiwa na mfuko wa barafu umefungwa begani kwa plastiki. Barafu ikiyeyuka maji yalimdondokea kwenye daftari, naye alikuwa akiyafuta kwa kiwiko huku anaendelea kuandika. Kufikia saa hiyo alikuwa macho tangu saa kumi na moja alfajiri: vyuma, kifungua kinywa, kikao cha kutazama video. Mchana mazoezi, jioni matibabu, usiku chumba cha kusomea cha wanamichezo chenye msimamizi anayeandika nani kaingia na nani katoka. Hata mlangoni kwangu wakati mwingine husimama mtu aliyeajiriwa na idara ya michezo, kazi yake kuchungulia kama wachezaji wamefika darasani. Mimi hunijia fomu za maendeleo katikati ya muhula: je, anahudhuria, je, alama yake ya sasa ni ipi, je, yuko hatarini. Sijawahi kuona kwenye fomu hizo swali linalouliza kama anaelewa.

Kijana huyu alipokelewa kwa njia ya pembeni. Mwenyewe aliniambia, bila kujificha. Sekondari yake ilikuwa na walimu wa muda kwenye hisabati mwaka mzima, na hakuwahi kuandika insha inayozidi ukurasa mmoja. Lakini ngeli alizishika kabla ya nusu ya darasa. Nilipomuuliza anazishikaje akanionyesha kwenye tableti yake kitabu cha mbinu za timu: mamia ya michoro, kila mmoja na jina lake la siri, na kila jina linabadilisha kazi ya watu 11. "Mwalimu, ki-vi ni kama kubadili fomesheni," akasema. "Ukibadilisha cha kwanza, wote nyuma yake wanabadilika." Tangu siku hiyo sijamvumilia mtu anayewaita wachezaji wajinga mbele yangu.

Muhula ule alianguka mtihani wa katikati, kwa sababu wiki hiyo walisafiri wakarudi usiku wa manane. Mshauri mmoja wa upande wa michezo alinipigia simu, kwa adabu kubwa, akauliza kama kuna kazi yoyote ya ziada inayoweza kuinua alama. Nikamjibu kwamba ipo: aje ofisini kwangu tusome. Alikuja. Alikuwa akisinzia, anaamka, ananiomba radhi, tunaendelea. Alimaliza na C+ aliyoipata kwa jasho lake. Na mwisho wa mwaka alipouliza kuhusu programu ya kiangazi ya Kiswahili kule Zanzibar, nilifurahi nikaanza kumwandikia barua ya mapendekezo, mpaka aliporudi akasema haiwezekani. Mazoezi ya kiangazi yameandikwa kuwa ni ya hiari. Kila mchezaji anajua kinachompata asiyejitolea.

Sheria ya NCAA inasema shughuli za michezo zisizidi saa 20 kwa wiki. Mwaka 2014, wachezaji wa Northwestern walipoomba kutambuliwa kama wafanyakazi, ofisa wa bodi ya kazi ya taifa aliyeisikiliza kesi yao alikuta kwamba wakati wa msimu hutumia saa 40 hadi 50. Kiongozi wao, Kain Colter, aliyekuwa mrushaji wa timu, alieleza kwamba alitaka kusomea udaktari lakini kozi ya kemia iligongana na mazoezi, akachelewa, mwisho akahamia saikolojia. Northwestern ni chuo kigumu kuingia. Colter aliingia na akili zake zote, kiwango cha udahili hakikumsaidia chochote.

Jim Harbaugh naye, alipokuwa kocha wa Stanford mwaka 2007, alisema hadharani kwamba Michigan, chuo alichokisomea mwenyewe, kina njia za kuwaingiza wachezaji wa mpakani, kisha kinawaelekeza kwenye kozi nyepesi. Akaongeza kwamba watu wanaowashangilia wakicheza hawawaajiri wakimaliza. Yeye alitaka kusoma historia akashauriwa aachane nayo. Michigan ilichukia sana maneno yale. Miaka saba baadaye ikamwajiri kuwa kocha wake mkuu.

Mfumo wenyewe unasukuma upande huo. Tangu 2003 mchezaji anatakiwa awe amekamilisha asilimia 40 ya digrii kufikia mwisho wa mwaka wa pili, 60 mwaka wa tatu, 80 mwaka wa nne. Inasikika kama nidhamu nzuri, lakini maana yake ni kwamba kijana anayegundua mwaka wa pili kuwa anapenda uhandisi akihama anaweza kupoteza uhalali wa kucheza. Timu nayo inahesabiwa pointi: moja kwa mchezaji kubaki chuoni, moja kwa kuendelea kuwa halali, na timu ikishuka chini ya 930 kati ya 1,000 inanyimwa mechi za mwisho wa msimu. Washauri wakajua wanachodaiwa. Kule Chapel Hill, Crowder alipostaafu mwaka 2009, washauri wa timu ya futiboli waliwaonyesha makocha slaidi inayoeleza kwamba walizoea kuwaweka wachezaji kwenye kozi ambazo hawakulazimika kuhudhuria, kuandika noti, kukutana na profesa, wala kukaa macho. Kisha, kwa herufi kubwa, kwamba kozi hizo hazipo tena. Hawakuwa wanajificha. Walikuwa wanatoa taarifa ya upungufu wa vifaa. Na Oktoba 2017 NCAA ilisema haiwezi kuadhibu chuo hicho, kwa kuwa kozi zile zilikuwa wazi kwa wanafunzi wote.

Ukipandisha kiwango cha kuingilia, hakuna hata moja kati ya hayo linaloondoka. Utakachofanya ni kumfungia nje kijana wa barafu begani, ambaye kosa lake ni kuzaliwa karibu na sekondari mbovu. Pale Berkeley, chuo cha umma kinachoheshimika dunia nzima, takwimu za 2013 zilionyesha kwamba ni asilimia 44 tu ya wachezaji wa futiboli waliohitimu, kiwango cha chini kabisa katika ligi kubwa. Chuo kilipanga masharti makali zaidi ya alama za kuingilia. Sawa. Lakini chuo kilichowapokea wale waliotangulia kilikuwa na walimu, maabara na maktaba za kutosha. Kilichokosekana ni saa za kuvitumia.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la kurudi nyuma ya 1972. Kila mchezaji wa futiboli anayeingia chuo cha daraja la kwanza, mwenye 4.0 na mwenye 2.3, akae mwaka mzima bila mechi, na muhula wa kwanza bila mazoezi ya timu. Wote, ili asiwepo wa kuonewa aibu kama enzi za Proposition 48. Skolashipu iwe ya miaka mitano isiyofutika kwa jeraha wala kwa kushuka kiwango. Wapo watakaosema tayari kuna utaratibu wa mchezaji kupumzishwa msimu, na kweli upo. Ila anayepumzishwa hivyo huamka alfajiri ileile, hupigwa mazoezini vilevile, na tangu 2018 anaweza kuchezeshwa mechi nne na bado mwaka wake ukahesabiwa haujatumika. Huko si kupumzika kwa ajili ya kusoma.

Atakayeuliza kuhusu ndoto ya NFL, ile ligi ya kulipwa ya futiboli, jibu lipo kwenye kanuni za NFL zenyewe: haimpokei mchezaji mpaka ipite miaka mitatu tangu darasa lake limalize sekondari. Mwaka mmoja wa kusoma unamwachia misimu miwili ya kuonekana. Na kuhusu pesa, ambazo tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kuzipata kwa jina na sura yao, na tangu makubaliano ya mahakama ya Juni 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa (kikomo cha mwaka wa kwanza, 2025–26, kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa wanamichezo wote wa chuo), nasema alipwe mwaka huo pia. Mama yake anazihitaji. Chuo kinachoweza kumlipa kocha mamilioni kinaweza kumlipa kijana akiwa maktaba.

Wazo hili si langu peke yangu. Mwaka 2015 ligi ya Big Ten, chini ya kamishna wake Jim Delany, ilizungusha waraka ulioliita mwaka wa kujiandaa, kwa futiboli na mpira wa kikapu wa wanaume. Makamishna wa ligi nyingine wakalizungumzia kwa wiki chache. Makocha hawakulipenda, na likafa. Tangu hapo soko la wachezaji kuhama limefunguka kiasi kwamba kijana anaweza kupita vyuo vitatu katika miaka minne, na kila akihama baadhi ya kozi zake zinakataliwa kule anakokwenda.

Kwa kuwa najua wanaonisoma huku ni nani, niseme na wa kwetu. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa za Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania, zina wavulana waliofika hapa wakiwa darasa la tisa au la kumi, na makocha wa sekondari wameshawaona kwa miili yao. Mama, baba, nendeni ofisi ya mshauri wa shule mwaka huohuo anaoingia, ulizeni ni kozi zipi kati ya anazosoma zinahesabiwa na NCAA, kwa sababu zile za kuwasaidia waliobaki nyuma na za kiwango cha chini hazihesabiwi, na kufikia mwaka wa mwisho kumi zimeshafungwa. Msisubiri kocha awaambie. Na siku kocha wa chuo atakapokaa kwenye kochi lenu na kusifia pilau, mkaribisheni vizuri, kisha mwulizeni wachezaji wake wa nafasi hiyo wanahitimu digrii gani, ni nani kati yao anasoma kozi yenye maabara mchana, na skolashipu itakuwaje goti likivunjika Oktoba ya kwanza. Mwombeni majibu kwa maandishi kabla kijana hajasaini.